Jiwe Linalorusha Chombo: Madini Adimu katika Bunilizi za Kisayansi

Makala haya yalianza na hadithi mbaya, na aliyeiandika ni mimi. Mwaka jana, katika somo la uandishi wa kubuni, kila mwanafunzi alitakiwa kuleta hadithi fupi isiyozidi kurasa 5. Wenzangu wengi walileta hadithi za mapenzi, za ukimbizi na za mama wa kambo. Mimi nilitaka kwenda mbali zaidi, nikaandika habari za chombo cha anga kilichokuwa kikisafiri kutoka mwezi mmojawapo wa Zohali. Chombo hicho kiliendeshwa kwa madini niliyoyabuni mwenyewe, nikayaita nuraniamu. Nuraniamu iling'aa rangi ya buluu. Ilizungusha injini, ilikikinga chombo dhidi ya vimondo, na nahodha alipojeruhiwa, kipande chake kidogo kiliwekwa juu ya kidonda na kidonda kikafunga. Darasa lilipiga makofi. Mhadhiri aliandika neno moja pembeni kwa wino mwekundu: "Kivipi?"

Niliporudi likizo nyumbani, Kivu Kaskazini, nilimsomea yaya hadithi hiyo. (Kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, si mlezi wa watoto, wasomaji wa pwani wanisamehe.) Yaya wangu alichimba koltani miaka 6 katika vilima vya Masisi, na sehemu ya karo yangu ya sekondari ilitoka humo mashimoni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na hiyo jiwe, nani anaichimbaka?"

Sikuwa na jibu. Katika hadithi yangu nuraniamu ilikuwa tayari ndani ya tangi.

Nimelibeba swali hilo pamoja na lile la mhadhiri kwa mwaka mzima, na kila ninaposoma au kutazama kazi ya kubuni ya kisayansi huwa ninayauliza yote mawili. Jiwe hili linafanya kazi kivipi? Nani analitoa ardhini? Nilipoanza nilidhani la kwanza ni la mwanafizikia na la pili ni la mwanaharakati. Siku hizi nadhani ni swali moja. Mwandishi asiyejua jiwe lake linafanya nini hawezi kujua linatokaje, na asiyejua linatokaje atashindwa kutueleza kwa nini ni adimu. Na kama si adimu kwa sababu inayoeleweka, hadithi nzima inayolitegemea inakuwa nyumba isiyo na msingi.

Tuanze na mabishano ya zamani. Mwaka 1865 Mfaransa Jules Verne alichapisha riwaya yake ya safari ya kwenda mwezini. Wahusika wake, wanachama wa chama cha wapenda mizinga huko Marekani, wanakaa kikao kizima kujadili risasi yao kubwa itengenezwe kwa kitu gani. Chuma ni kizito mno. Wanaamua kutumia alumini. Leo tunasoma sehemu hiyo bila kushtuka, kwa sababu alumini kwetu ni sufuria ya ugali. Mwaka 1865 alumini ilikuwa kitu cha anasa, na Verne anapiga hesabu mbele ya msomaji: risasi itakuwa na uzito wa ratili 19,250, na kila ratili ni dola 9. Mwanachama mmoja anashtushwa na bei, na hapo ndipo msomaji anapoamini. Tumeona mtu akiingiza mkono mfukoni.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba uadimu wa alumini wakati ule haukutokana na uhaba wake ardhini. Hakuna metali iliyo nyingi zaidi katika gamba la dunia. Karibu asilimia 8 ya gamba hilo ni alumini. Iko katika udongo mwekundu tunaoukanyaga. Ila imeshikamana na oksijeni kwa nguvu sana, na hakuna aliyejua njia rahisi ya kuitenganisha. Wamarekani walipomaliza mnara wao wa ukumbusho wa Washington mwaka 1884, waliuvisha kileleni ncha ndogo ya alumini yenye uzito usiofika kilo 3, kama mtu anayevaa kito. Miaka 2 baadaye Charles Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, kila mmoja kivyake, wakagundua namna ya kuitoa kwa umeme, bei ikaporomoka. Bila ya kujua, Verne alikuwa amechagua vizuri kuliko alivyotarajia, maana vyombo vya anga vilivyojengwa karne moja baadaye vilitumia alumini kwa wingi. Alishika metali ambayo uadimu wake ulikuwa katika kazi ya kuisafisha, na kazi ya kusafisha ni jambo ambalo binadamu anaweza kulitatua. Mwandishi chipukizi anayetafuta jiwe la kurusha chombo chake angeanza hapo kabla ya kubuni elementi mpya.

Miaka 36 baada ya Verne, Mwingereza H. G. Wells naye alituma watu mwezini, lakini kwa kutumia kitu asichowahi kukiona mtu: kavoriti, iliyopewa jina la mhusika wake Cavor. Kavoriti huzuia mvutano wa ardhi kama vile pazia linavyozuia jua. Verne alipoulizwa juu yake aliudhika. Alisema yeye anatumia fizikia, mwenzake anazua tu. Akataka aonyeshwe metali hiyo. Wanafunzi wengi tunaoijua hadithi hii huwa tunampa ushindi Verne. Mimi simpi. Mzinga wake una urefu wa futi 900 na unatakiwa kuisukuma risasi mpaka kasi ya karibu kilomita 11 kwa sekunde. Nilipiga hesabu hiyo kwa kanuni tuliyofundishwa sekondari: abiria wangebanwa kwa nguvu inayozidi mara elfu 20 uzito wao. Wangekuwa uji kabla ya kutoka mdomoni mwa mzinga. Verne alikuwa na jiwe la kweli katika chombo cha uongo.

Wells kwa upande wake alikuwa na jiwe la uongo, lakini aliliheshimu. Tazama anavyofanya. Cavor hapati kavoriti kwa kuota. Anaipika katika tanuru, na katika mchanganyiko wake kuna heliamu anayoletewa kutoka London. Heliamu ilikuwa imepatikana hapa duniani mwaka 1895 tu, miaka 6 kabla ya riwaya kutoka, kwa hiyo msomaji wa wakati ule aliisikia kama sisi tunavyosikia habari za betri mpya. Halafu kavoriti ya kwanza inapokamilika, ajali inatokea: hewa iliyo juu ya bamba inapoteza uzito wake, inaruka juu, hewa ya pembeni inakimbilia kuziba nafasi, paa zinang'oka. Wells alijiuliza: kama kitu hiki kingekuwepo, kingefanya nini siku ya kwanza, kabla hakijawekwa kwenye chombo chochote? Jibu likampa tukio zima la riwaya. Na msimulizi wake, Bedford, aliyefilisika, hawazi nyota. Anawaza namna ya kuhodhi biashara ya kitu hicho. Kwa maswali yangu mawili Wells anapata alama nyingi kwa lile la kivipi, na nusu kwa lile la nani.

Nuraniamu yangu ingepata sifuri kwa yote mawili. Kosa lake la kwanza nililiona baada ya kutazama kwa umakini ile tamthilia ya televisheni ya Star Trek, iliyoanza mwaka 1966. Chombo chao, Enterprise, kina fuwele zinazodhibiti mkutano wa maada na maada kinzani ndani ya injini. Mwanzoni ziliitwa fuwele za lithiamu, baadaye waandishi wakabadilisha wakaziita dilithiamu, nadhani kwa sababu lithiamu ni kitu halisi na kila mwanakemia angewasumbua kwa barua. Uzuri wa dilithiamu ni kwamba ina kazi moja. Haiponyi vidonda, haikingi vimondo, wala si fueli. Ni kipuri, kama plagi ya pikipiki. Pikipiki inaweza kujaa mafuta, na dereva akawa hodari, na abiria akawa amelipa, lakini plagi ikifa wote mnashuka mnasukuma. Fuwele inapopasuka Enterprise inakwama, na hadithi inaanza.

Katika sehemu moja ya mwaka ule wa kwanza, iitwayo Mudd's Women, fuwele zinaungua na nahodha analazimika kwenda kuzitafuta kwenye sayari ya wachimbaji. Wako watatu tu huko, katikati ya dhoruba za vumbi, matajiri wasio na pa kutumia utajiri. Wanajua bei ya walicho nacho, na wanadai kuletewa wake. Ni hadithi inayoudhi kwa jinsi inavyowafanya wanawake sarafu, na sitaitetea kwa hilo. Lakini kuna jambo moja ambalo yaya angelitambua papo hapo: mchimbaji aliyekaa peke yake muda mrefu, na mnunuzi mwenye haraka anayejaribu kuificha haraka yake. Miaka mingi baadaye, katika filamu ya Star Trek ya 1991, dilithiamu inachimbwa na wafungwa kwenye gereza la barafu la Rura Penthe. Kati ya sehemu hizo mbili, mara nyingi fuwele zipo tu, kama nuraniamu yangu ndani ya tangi.

Filamu ya Avatar ya James Cameron (2009) inakwenda upande wa pili. Pale tunamjua vizuri anayeumia. Tunaona mitambo mikubwa, miti inaangushwa, wenyeji wa Pandora wanafukuzwa kwa ajili ya jiwe la kijivu linaloelea juu ya meza ya msimamizi. Tunaambiwa na bei: milioni 20 kwa kilo. Lakini linafanya nini? Filamu haisemi. Jina lenyewe, unobtanium, ni utani wa wahandisi wa ndege wa Marekani wa miaka ya 1950. Ndivyo walivyokiita kitu chochote ambacho kingetatua tatizo lao kama kingepatikana. Kwa Kiswahili tungeweza kuliita hapatikaniamu. Cameron alichukua utani akauweka mdomoni mwa mhusika bila kuutolea jasho, nami naona hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa kuwa hatujui jiwe linahitajika kwa lipi, wachimbaji wale wanabaki kuwa watu wabaya tu. Wangekuwa wa kutisha zaidi kama tungejua kwamba bila jiwe hilo hospitali fulani huko kwao inazimika taa. Hapo mtazamaji angelazimika kujiuliza yeye mwenyewe yuko upande gani, huku simu ikiwa mfukoni mwake.

Kuhusu Black Panther (2018) nitasema machache, kwa kuwa tumeijadili mno mabwenini. Nililia kama wengine. Jiwe la Kiafrika lililobaki mikononi mwa wenyewe! Sisi tunaotoka nchi ambayo uraniamu ya Shinkolobwe, mgodi wa Katanga, ilisombwa kwenda Marekani kutengenezea mabomu ya atomu miaka ya 1940, tunajua ndoto hiyo inatoka wapi. (Baadhi ya madini ya Shinkolobwe yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya uraniamu, wakati kwingineko mgodi wenye asilimia 1 huhesabiwa kuwa tajiri. Mwandishi akibuni kiwango kama hicho, mhariri atamwambia apunguze chumvi.) Hata hivyo vibraniamu ina ugonjwa ule ule wa nuraniamu: ni nguo, ni treni, ni silaha, ni tiba. Na mgodi wake, mzuri wa kung'aa, hauna mchimbaji hata mmoja ninayemkumbuka kwa jina.

Sasa niseme juu ya jiwe ninalolijua. Koltani ni mchanga na vipande vyeusi vizito. Jina lake ni kifupisho cha madini mawili, kolumbiti na tantaliti, na ndani yake mna metali mbili, niobiamu na tantalumu. Msweden Anders Ekeberg aliitambua tantalumu mwaka 1802, akaipa jina la Tantalo, yule mfalme wa visasili vya Kigiriki aliyeadhibiwa kusimama majini bila kuweza kuyanywa, kwa kuwa hata ikizamishwa katika asidi metali hiyo hainywi kitu. Mjerumani Heinrich Rose naye aliita ile nyingine niobiamu mwaka 1844, kwa jina la Niobe, binti wa Tantalo, maana metali hizo hukaa pamoja na ni kazi kuzitenganisha. Nilipomweleza yaya habari za Tantalo alicheka, akasema huyo alikuwa mchimbaji.

Tantalumu huyeyuka kwenye nyuzi 3,017 za Selsiasi. Mwandishi asiyejali akiona tarakimu hiyo ataunda chombo kizima kwa tantalumu. Ajaribu kwanza kulibeba. Metali hiyo ina uzito mara 16 na zaidi kuliko maji. Dumu la lita 20 likijazwa tantalumu litazidi kilo 330. Hakuna injini itakayomshukuru. Niobiamu huyeyuka mapema zaidi, kwenye nyuzi 2,477, lakini uzito wake ni kama nusu tu, na ndiyo sababu wahandisi wa Apollo waliitumia katika aloi ya mdomo wa injini kuu ya chombo kilichowapeleka watu kuzunguka mwezi na kuwarudisha. Sidai kwamba ilitoka kwetu. Sehemu kubwa ya niobiamu ya dunia inatoka Brazil. Ninachosema ni kwamba koltani tayari ni jiwe la bunilizi ya kisayansi. Nusu yake inafaa mdomo wa injini. Nusu nyingine, kwa gramu chache chache, huingia katika kapasita za mitambo ya elektroniki, zile punje zinazohifadhi chaji na ambazo bila hizo kompyuta ya chombo haiamki. Jiwe lenye kazi mbili ndogo, kila moja ikiwa mahali ambapo haikwepeki, linaaminika kuliko jiwe lenye kazi 10.

Wapo watakaosema kwamba huko angani hakuna kitu adimu, na hoja hiyo ina uzito. Iridiamu ni haba sana katika gamba la dunia, lakini katika vimondo imo kwa kiasi kikubwa zaidi. Mwaka 2023 Marekani ilituma chombo kuelekea Psyche, kisayari ambacho wanasayansi wanadhani kina metali nyingi. Taifa linaloweza kuruka mpaka nyota ya jirani halitakosa platini. Kwa hiyo mwandishi anahitaji uadimu usiotibika kwa safari. Frank Herbert katika Dune (1965) alilijua hilo: kitu kinachowawezesha manahodha wake kuvuka anga si jiwe kabisa, kinatokana na viumbe wa jangwani, na jangwa hilo likilowanishwa viumbe watakufa nacho kitakoma. Njia nyingine ni kitu kinachooza. Plutoniamu-238, inayotoa joto la kuzalishia umeme katika vyombo vinavyokwenda mbali na jua, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 87.7. Haichimbwi, hutengenezwa katika vinu vya nyuklia, na Wamarekani walisimamisha uzalishaji wao mwaka 1988 wakaja kuurudisha miaka mingi baadaye. Gari la Perseverance lililotua Mirihi mwaka 2021 lilibeba kilo 4.8 tu za oksidi yake. Vyombo vya Voyager, vilivyoondoka mwaka 1977, vinazimiwa mitambo kimoja baada ya kingine kwa sababu joto hilo linafifia. Sijui hadithi ya kubuni yenye huzuni kama ile orodha ya mitambo inayozimwa.

Elementi mpya kabisa, kwa upande wake, ningeiepuka. Jedwali la elementi limejaa hadi namba 118. Hakuna pengo katikati ambamo mtu anaweza kuichomeka nuraniamu yake, na zile za mwishoni huvunjika kwa muda mfupi mno. Fuwele ya ajabu ya elementi tunazozijua, isotopu, aloi, au njia ya kusafisha iliyopotea: huko kuna nafasi kubwa kwa mbunifu.

Kazi iliyonigusa kuliko zote haina hata chombo cha anga. Ni Neptune Frost (2021) ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, filamu ya muziki iliyopigwa Rwanda na kuwekwa Burundi, ambamo wahusika huongea Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza bila kuomba radhi. Nilisikia lugha zangu katika wakati ujao kwa mara ya kwanza. Mchimbaji wa koltani aitwaye Tekno anasimama kazini, analitazama jiwe lililo mkononi mwake, na kwa kosa hilo la kutazama anauawa na msimamizi. Nduguye Matalusa anaondoka, na baadaye kijiji cha wadukuzi kinajengwa kwa mabaki ya kompyuta. Hapa swali la nani ndilo linalotangulia. Swali la kivipi lina jibu la kishairi zaidi: nguvu ya kijiji inatoka kwa watu wenyewe, na mtazamaji anayetaka maelezo ya umeme ataondoka na njaa. Mwanafunzi mwenzangu niliyeitazama naye aliniambia hilo ni udhaifu kwa vipimo vyangu mwenyewe. Ni kweli. Lakini katika kazi zote nilizozitaja ni hii tu ambayo mchimbaji anapewa muda wa kuliangalia jiwe, na nikikumbuka kwamba muda huo unamgharimu uhai, ninaisamehe filamu mengine.

Mwenzangu huyo alikuwa na hoja kubwa zaidi. Alisema fasihi si jiolojia. Akatoa mfano wa Walenisi (1995) ya Katama Mkangi tuliyoisoma darasani: Dzombo anafika ulimwengu mwingine, na hakuna msomaji anayeuliza alifika kwa metali gani, kwa kuwa jina lenyewe linatuambia kwamba wale ni sisi. Nakubaliana naye kuhusu Walenisi. Riwaya ile ni kioo, na kioo hakiulizwi kimesimamishwa kwa misumari gani. Lakini pale mwandishi anaponiambia kwamba vita vinapiganwa, mji unahamishwa na watu wanakufa kwa ajili ya jiwe fulani, jiwe hilo limeacha kuwa pambo. Limekuwa mhusika. Tungemlaumu mwandishi yeyote ambaye mhusika wake mkuu hana kwao wala kazi.

Ukweli ni kwamba nisingekuwa na ukali huu kama jambo hili lingekuwa la vitabuni tu. Yaya aliacha kuchimba baada ya mvua za msimu mmoja kuangusha ukingo wa shimo. Wawili katika timu yake hawakutoka. Yeye alikuwa bondeni kwenye maji, zamu yake ya kuosha mchanga. Mwezi uliofuata karo yangu ilichelewa, na nilimkasirikia kabla sijaambiwa sababu. Hadithi ya nuraniamu niliiandika miaka 3 baada ya hapo, nikiwa ninajua yote hayo, na bado nikaliweka jiwe tangini likiwa limeoshwa na kupimwa. Hilo ndilo linalonisumbua. Sikukosa habari, ila nilikuwa nimesoma hadithi nyingi ambazo jiwe linakuja lenyewe, nikadhani ndivyo hadithi za anga zinavyoandikwa.

Ninaiandika upya sasa. Nuraniamu imekufa na jina lake. Mahali pake kuna mchanga mweusi wenye niobiamu, unaochimbwa kwenye mwezi mdogo kwa ajili ya midomo ya injini zinazochakaa kila baada ya safari chache. Hauponyi kidonda cha mtu. Kuna msichana anayebeba magunia, kuna mnunuzi mwenye kifaa kidogo cha kupimia asilimia, na msichana haoni tarakimu kwa kuwa mnunuzi anakigeuzia kifaa upande wake. Yaya ndiye aliyenipa kipengele hicho cha mwisho. Nilimtumia kurasa 7 za kwanza kwa simu wiki mbili zilizopita. Alisema magunia ni mepesi mno, niyaongeze. Halafu akauliza kitu ambacho sijapata bado jinsi ya kukijibu. Sisi hutenganisha koltani na udongo kwa maji: unamwaga, unakoroga, chepesi kinachukuliwa, kizito kinabaki chini. Kwenye mwezi wangu hakuna mto, na kwa mvutano mdogo wa pale hata kizito hakishuki upesi.

"Sasa," akasema, "bataioshaka na nini?"